Haikuwa Malaria

Voi, Jumapili, saa tisa alasiri

Mwanangu Mwadime,

Barua huanza kwa kuuliza hali, na anayeandika husema yeye ni mzima kabla hajaulizwa. Leo nitaliacha hilo. Hali yako naijua, nimeiona kwa macho yangu tangu Krismasi ya juzi. Yangu ndiyo usiyoijua, kwa sababu nimeificha muda mrefu kuliko umri wako.

Nakuandikia nikiwa bohari, kwenye meza yangu karibu na mizani. Leo mashine ya mkonge imenyamaza, hakuna mtu ila askari wa lango, naye amelala. Wewe uko Mwanda tangu jana, umekwenda kumuaga bibi mzaa mama, na lori litakurudisha jioni. Nataka nimalize kabla ya hilo lori. Nikikuona usoni nitaanza kusema habari za sanduku na blanketi, na kesho utaondoka hujasikia neno lolote kutoka kwangu. Ya sanduku na blanketi mama yako ameyamaliza.

Najua unachowaza kuhusu kesho, kwa sababu nami nakiwaza. Mwezi uliopita ulifika stesheni, sanduku lako likapakiwa, ukaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa. Kisha ukageuka. Uso wako ulikuwa wa kijivu na jasho limesimama juu ya mdomo. Ukanishika mkono wa koti ukasema, "Baba, siwezi. Nakufa." Gari la kwenda Moshi likaondoka, sanduku lako likafika Mwatate peke yake, likarudishwa siku ya pili. Na mimi, mbele ya wote waliokuja kukuaga, nikasema una malaria.

Sasa hospitali ya misheni imeandika kwamba nafasi yako ya kujifunza uuguzi inakungoja mpaka Jumanne. Baada ya Jumanne watampa mwingine. Kwa hiyo ni gari la kesho asubuhi, la sivyo nafasi imekwenda. Wewe wajua hivyo, mama yako ajua, na kwa siku tatu hizi hakuna aliyelitamka nyumbani. Tunapitishiana sahani kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

Haikuwa malaria, Mwadime. Haijawahi kuwa malaria.

Turudi kwenye Krismasi ya juzi. Ulichaguliwa kusoma somo kanisani. Ulikuwa umejizoeza wiki nzima, mpaka dada zako wakalikariri, wakawa wanakusomea wewe. Ulipanda mbele, ukafungua Biblia, ukasoma mstari mmoja na nusu, ukanyamaza. Watu walidhani umepotea kwenye ukurasa. Mimi nilijua kwa jinsi ulivyoushika ukingo wa meza. Ulitokea mlango wa pembeni nami nikakufuata, nikakukuta nyuma ya tangi la maji umechuchumaa, vidole vimekakamaa, unahema kama mtu aliyekimbizwa na kifaru. Mzee mmoja wa kanisa akaja nyuma yangu.

"Kijana ana nini?"

"Malaria," nikasema, kabla hujafumbua mdomo.

"Malaria? Alikuwa anaimba sasa hivi!"

"Ndivyo inavyoshika."

Nikakupeleka nyumbani nikakupa kwinini. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Ulimeza, mpaka masikio yakawa yanakuvumia na mama yako akikuita kutoka jikoni husikii. Siku ya tatu ulikuja ukakaa kizingitini. Nilikuwa nanoa wembe. Ukaniuliza taratibu, bila kuniangalia, "Baba, wewe umewahi kushikwa na woga usio na sababu? Ule wa kudhani unakufa?"

Nikasema, "Hapana. Mimi ni mwanamume."

Ukasema, "Sawa, Baba," ukainuka ukaenda zako. Hukuniuliza tena.

Nimelikumbuka jibu lile kila siku. Lilikuwa uongo, na nilikuambia siku ambayo ungeweza kusaidiwa na neno moja tu la kweli.

Unajua kwetu ni Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kwamba wakati wa vita vya Mjerumani watu wetu waliondolewa wakapelekwa Malindi. Nimekusimulia hayo kama mtu anayesoma gazeti. Kuna sehemu huwa naruka. Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi. Tulitembea kutoka mlimani mpaka stesheni ya Maungu, na pale tukaingizwa kwenye mabehewa ya mizigo. Mlango wa behewa ulikuwa wa kusukuma kwa pembeni. Nakumbuka harufu ya ngozi mbichi, nyayo za mtu juu ya nyayo zangu, na ule mwanga wa mlangoni ukipungua mpaka ukawa uzi, kisha ukakatika. Kisha honi. Sikulia. Kifua kilikataa kuvuta hewa, moyo ukapiga mpaka nikausikia kwenye meno, na mikono ikafa ganzi. Nilikuwa na hakika nakufa, na kwamba hakuna atakayejua mpaka mlango ufunguliwe.

Mlango ulifunguliwa, sikuwa nimekufa. Lakini kile kitu kilijifunza njia ya kunijia, na hakijaisahau.

Malindi watu wetu walikufa wengi, kwa homa za kweli na kwa kukosa baridi ya kwao. Huko ndiko bibi yako, mama yangu, aliposhikwa na saka. Wewe umekulia hapa mjini, saka umeisikia kwa mzaha tu. Ni ugonjwa wa wanawake wa kwetu. Mwanamke anasikia sauti fulani, au anaona kofia ya mgeni au moto wa kiberiti, na mwili unaanza kutetemeka wenyewe, kifua kinakwenda mbio, macho yanaacha kuona walio karibu. Kanisani tulifundishwa ni pepo. Wanaume wengine husema ni ujanja wa kumdai mume kitambaa kipya. Mimi nitakuambia nilichokiona tu.

Mama ilimshika siku motokaa ilipopita karibu na vibanda vyetu ikapiga honi. Alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ulianguka, akaanza. Wanawake walikuja na ngoma. Hakuna aliyemwambia atulie. Hilo lilinishangaza siku ile na linanishangaza leo. Walimvalisha kofia ya baba, wakampa fimbo ya mwanamume mkononi, wakamweka katikati, ngoma ikaanza polepole. Alitetemeka, nao wakatetemeka pamoja naye. Jirani yetu mmoja, mama mnene, akawa anampigia kelele, "Tetemeka, dada! Tetemeka vizuri, usituaibishe!" Watu wakacheka, na mama naye, humo humo katika kutetemeka, akacheka. Nyimbo zile zilikuwa na mwisho mrefu, sauti ikivutwa mpaka pumzi yote imetoka kifuani, ndipo waanze upya. Walipomaliza alikaa chini, akaomba maji, akauliza kama mahindi yake yameliwa na kuku.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda. Honi ile ilikuwa imenishika na mimi. Nilitetemeka kama yeye, magoti kwa magoti. Mjomba wangu akaniona.

"Ala! Na huyu ana saka? Leteni leso tumfunge kiunoni, naye achezewe! Karibu katikati, Mama Mdogo!"

Wanaume walicheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyenifundisha kutega kwale. Lakini niliitwa Mama Mdogo mwaka mzima, na kufikia mwisho wa mwaka huo nilikuwa nimejua la kufanya. Nikihisi inakuja nilijifunika shuka nikasema homa. Nilipewa majani machungu, nikaachwa peke yangu. Hakuna aliyenicheka tena.

Hivyo ndivyo tulivyo, mwanangu. Kwetu mwanamke akitetemeka ana ngoma, ana watu wa kumzunguka na kumshikia kofia. Mwanamume akitetemeka ana malaria. Nimekutana na wanaume wa kwetu wenye malaria ya namna hiyo hapa Voi, kule Wundanyi, na kwenye shamba hili la mkonge, na tunatazamana kwa jicho la pembeni na kila mmoja anajua kwinini ya mwenzake haina kazi. Hakuna anayesema. Nilipokupa wewe ile dawa nilikuwa nakupitisha mlango uleule niliopitishwa mimi, na nikaufunga nyuma yako.

Nikueleze imenifanya nini, maana usidhani kuficha kulinisaidia. Unajua kwamba kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mnasema baba hapendi makuu. Unajua kwamba nikienda Mombasa hupanda lori. Dada zako hunicheka eti napenda porojo za madereva. Ukweli ni kwamba sijapanda gari la moshi tangu utoto, na ninaishi mahali ambapo linapita mchana na usiku. Kila mahali kitu kile kiliponishika nilipahama. Kwanza stesheni, kisha mikutano, kisha duka lile lenye mlango mmoja. Nilidhani nakikwepa, kumbe nakipisha, na kila nilipokipisha kikasogea kikakaa. Nimekuwa mtu wa njia nne tano, nyumbani, bohari, kanisani benchi la nyuma, kisimani. Mtu akiniona hudhani ni utulivu wa umri.

Na kuna moja kubwa kuliko hayo. Watu wetu waliporuhusiwa kurudi Kasigau, mama yangu alirudi nao. Mimi nilikuwa tayari na kazi hapa. Nikamwambia nitakuja wakati wa mavuno. Siku hewa ikiwa safi, nikipanda mwamba ulio nyuma ya bohari, nauona mlima wetu, wa buluu, mdogo kama ukucha. Nimeutazama mavuno mengi. Kisha mwaka mmoja, wewe ukiwa unaanza kutambaa, shangazi yako Wakesho alituma mtu kutoka Rukanga: mama anaumwa, njoo. Nikapanda lori. Tulipofika Maungu dereva alisimama kando ya reli kuongeza maji kwenye rejeta. Pale pembeni palikuwa na behewa tupu la mizigo, mlango wazi. Halikuwa na lolote, kuku walikuwa wanaingia na kutoka.

Dereva alisema, "Haya, karani, panda twende."

Nikasema, "Tangulieni."

"Tangulieni wapi? Hapa hakuna gari jingine mpaka kesho kutwa!"

Nikatembea kurudi Voi kando ya reli, maili zote zile, viatu mkononi. Nilimwambia mama yako malaria imenirudia njiani. Akanitazama, akachemsha maji ya kuniosha miguu. Siku sita baadaye tulipata habari kwamba mama yangu amezikwa. Wakesho alipokuja kutuona hakunilaumu. Alisema tu, "Alikuwa anauliza kama lori limefika." Mpaka leo sijakanyaga Rukanga. Kaburi la mama yangu nalijua kwa kusimuliwa, liko upande wa juu wa shamba, karibu na mfereji.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuandikia ili uone mwisho wa njia niliyokuonyesha.

Sasa nitakuambia ninachokijua kuhusu ugonjwa huu, nacho ni kidogo. Nimesoma kila kilichoangukia mkononi mwangu, hata kile kitabu cha tiba kilichotupwa na zahanati bila jalada wala kurasa za mwanzo. Yule daktari wa Kihindi aliyekuwa akija hapa shambani kila mwezi nilimwendea mara sita au saba. Mara ya mwisho aliponiona mlangoni akaweka kalamu chini.

"Karani, umeleta nini leo?"

"Moyo, daktari."

Akausikiliza mbele na nyuma, muda mrefu, kwa heshima. "Moyo huu utanizika mimi na kisha umzike mwanangu. Wewe una hofu."

"Hofu ya nini?"

"Hiyo utaniambia wewe."

"Mimi siogopi kitu, daktari."

"Vizuri sana. Basi chukua kwinini yako uende nyumbani, kuna watu wagonjwa nje."

Nilikasirika wiki nzima. Lakini lile neno lilibaki. Mwili wangu ulikuwa mzima, na ulikuwa unafanya kazi yake: kumtoa mtu mbio mbele ya kifaru. Kosa lake ni kwamba unamwona kifaru mahali pasipo kifaru, na hautaki kuambiwa. Ukiukaripia, unadhani umepata kifaru wa pili.

Baada ya hapo nilianza kitu cha kikarani. Kila iliponishika niliitazama saa ya ukutani hapa bohari nikaandika kwenye daftari dogo: imeanza saa fulani, imeisha saa fulani. Nilifanya hivyo miaka miwili. Sijawahi kuandika nusu saa. Mara nyingi kile kilele chenyewe, pale unaposema sasa nakufa, hakikufika dakika kumi na tano. Miaka yote nilikuwa nakimbia kitu cha dakika kumi na tano. Na hakuna mahali kwenye daftari lile palipoandikwa kwamba nilikufa.

Jambo jingine nililipata kwenye mizani. Umeniona nikipima marobota ya mkonge. Ukitua robota, mshale unaruka huku na huku kama kichaa. Karani mgeni huugusa kwa kidole ili utulie upesi, na hapo hatapata uzito wa kweli hata akikaa mpaka jioni, maana kidole chake kimo ndani. Mimi hurudisha mikono nyuma ya mgongo nikangoja. Siku moja ilinishika hapa hapa, robota juu ya mizani, wapagazi wanangoja nisome. Sikuweza kukimbia. Nikarudisha mikono nyuma kama kawaida yangu, nikauangalia mshale ukitetemeka, nikajiacha nitetemeke. Nikakumbuka nyimbo za wale wanawake wa Malindi, nikatoa pumzi polepole mpaka mwisho kabisa, bila kuharakisha kuvuta nyingine. Nilipomaliza ya sita au ya saba, nikausoma uzito. Mpagazi mmoja akasema, "Karani leo unasinzia umesimama." Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kunipita nikiwa nimesimama mahali pangu.

Kwa hiyo hilo la pumzi ni kweli, lijaribu: itoe ndefu, kuliko unavyoivuta. Ukihema haraka vidole vitakakamaa, na hiyo ni pumzi tu, haihusiani na kufa. Kutembea ni kweli pia. Siku nilizotembea mpaka chini ya mlima Sagalla na kurudi nililala kama mtu. Chai kali ni adui, nimeichunguza, hasa asubuhi kabla ya chakula. Mchaichai wa mama yako ni mzuri. Ule mzizi wa shangazi Wakesho nimeunywa, na nadhani kilichonituliza kilikuwa ni Wakesho kukaa karibu nami akiuchemsha na kunisengenyea majirani. Maombi yamenisaidia nilipoomba nikiwa nimekiri kwamba naogopa. Nilipoomba ili nisijulikane, hayakunisaidia.

Lakini sitaki nikudanganye mara ya pili. Sijapona. Yote hayo nimeyajua miaka kadhaa, na mwezi uliopita, uliponishika mkono wa koti pale stesheni, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshikwa. Honi ilikuwa imelia. Nilikuwa nahesabu vifungo vya shati lako ili nisianguke. Ungehitaji baba wa kukuambia, "Simama, itapita, nipo." Baba uliyekuwa naye alitamani uteremke haraka ili naye aondoke pale. Uliposhuka nilishusha pumzi. Samahani. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kuandika, nimelizunguka tangu saa tisa.

Mama yako alijua. Juzi, ulipotoka kwenda kwa fundi viatu, aliacha kuchambua mchele akaniambia, "Miaka ishirini na miwili nalala na mtu anayekimbia amelala. Ulidhani nadhani ni malaria?" Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilikuwa nangoja useme wewe. Sasa nimechoka kungoja. Mwambie mtoto. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi nitasema vibaya." Mtu huyu nilimficha miaka ishirini na miwili kitu alichokuwa anakifua kila asubuhi kwenye shuka za jasho.

Utakapokuwa muuguzi, siku moja ataletwa mwanamume mzima, mkulima au askari, anahema, anashika kifua, anasema malaria. Mpime, maana huenda ni malaria kweli, au ni moyo kweli. Lakini ukiona hakuna kitu, usimpe kwinini aende. Vuta kiti. Mwambie jinsi inavyoanza kwenye vidole. Atashtuka kwamba unajua. Sina hakika kama hilo ni dawa, ila mimi ningelipewa nikiwa na miaka minane, mlangoni pa kile kibanda, nadhani ningemzika mama yangu.

Saa inakwenda. Askari wa lango ameamka, namsikia anakohoa. Nifike kwenye lile lililonifanya nikae niandike.

Jana asubuhi, ulipopanda lori la Mwanda, nilikwenda stesheni. Nilifika dirishani, nikarudi, nikafika tena. Karani wa tikiti alinijua, akasema, "Mzee, wewe unasafiri? Kweli dunia inaisha!" Nikamwambia nataka ya Mwatate, ya kwenda tu. Ninayo hapa mfukoni. Nitakapofika, nitatafuta lori la kunirudisha.

Nimekusudia kupanda nawe kesho. Kutoka hapa mpaka Mwatate gari huchukua saa moja na nusu, na daftari langu linasema kitu hiki hakina nguvu za kudumu hivyo. Tutakaa benchi moja. Tutatetemeka, wote wawili, mbele za watu, na sitasema malaria. Mtu akituuliza nitasema, "Tunaogopa, na tunakwenda."

Ndivyo nilivyokusudia. Sijui kama nitaweza. Nimeandika maneno mengi ya hekima kwenye karatasi hizi na mkono wangu umelowa. Naweza kufika kwenye ile ngazi, nikaweka mguu mmoja, nikageuka. Sina ahadi ninayoweza kukupa kuhusu miguu yangu, nami nimekwisha kukudanganya vya kutosha.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako kabla hujafika, uisome leo. Usije ukanitafuta tuzungumze. Njoo ule tu, na ukiniangalia nitajua umesoma.

Na kesho sikiliza vizuri, maana huenda nisiweze kusema wakati huo. Kanisani ulipotoka nilikufuata. Stesheni uliposhuka nilikuwa pale kukupokea. Kesho itakuwa kinyume. Panda kwanza wewe. Kaa upande wa dirisha. Ukiniona nimepanda, nisogezee nafasi. Ukiniona nimebaki chini, mikono nyuma ya mgongo, ujue nangoja ipite, na itapita, na kwamba bado ni baba yako.

Usishuke kunifuata.

Baba yako